Mtu Aliyetunyoa

Burumba, Busia
Jumapili mchana

Kwako Mama,

Mulembe, Mama. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limepoa, na wale kuku wawili waliokuwa wakikohoa wamepona au wameliwa. Mimi mwili ni mzima. Chakula nakula, na kanisani leo nimeenda, ingawa nilitoka kabla ya sadaka kwa sababu sikuweza kutulia kwenye benchi. Siku hizi situlii popote. Hata barua hii naiandika mstari mmoja, naenda dirishani, narudi, naandika mwingine. Mwenye nyumba ameniuliza kama nimeibiwa kitu.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu ni nzima, lakini wewe ukipigiwa unaweka sauti kubwa na soko lote la Funyula linasikiliza pamoja nawe. Tena ungenikatiza, na mimi ningenyamaza, maana nakuogopa tangu zamani na wewe unajua. Kwa hivyo nitampa Oduori bahasha akuletee. Nitaifunga kwa selotepu mara tatu kwa sababu kaka yangu namjua. Tafadhali isome peke yako, ukiwa umekaa.

Nianze na masomo. Mwaka wa tatu unakaribia kwisha, na haya mazoezi ya kazi katika ofisi ya probesheni yamenipeleka kila kona ya Busia. Natembelea watu waliopewa kifungo cha nje, wengi wao vijana walioshikwa wakivusha sukari na mayai kwa njia za panya. Nauliza majirani wanasemaje juu yao, kisha naandika ripoti. Bosi wangu amenisifu kwamba nina jicho. Aliposema hivyo niliomba ruhusa nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka wakanitafuta.

Neno hilo ni lako, Mama. Siku nilipoitwa chuoni uliwaambia wanawake wa kanisa kwamba mtoto huyu alimtambua aliyemuua babake akiwa na miaka kumi na mitatu tu, Mungu amempa jicho, basi aende akasomee uhalifu na saikolojia. Wakapiga vigelegele. Nilienda chuoni nikiamini hivyo hivyo. Wenzangu wakiulizwa kwa nini wamechagua kozi hii walisema mambo ya kazi na mishahara, mimi nilikuwa nasimama na kusema nilimfunga mtu kifungo cha maisha. Nilikuwa najidai, Mama, nisikufiche.

Muhula uliopita tukafika kwenye somo la mashahidi. Mwalimu wetu, Daktari Mulama, ni mtu mpole, huwezi kudhani ana njama. Siku moja akifundisha, mwanamume akaingia mbio, akanyakua mkoba wake mezani na kutoka. Tulipiga kelele. Mulama akatuambia tutulie, amepanga mwenyewe. Wiki iliyofuata akaleta wanaume sita, wakasimama mbele, akatuuliza mwizi ni nani. Mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nikaonyesha wa tatu, nikasema niko tayari kuapa. Zaidi ya nusu ya darasa wakanifuata.

Mwizi hakuwemo kabisa. Yule wa tatu ni fundi aliyekuja kutengeneza projekta asubuhi ya siku ile ile, kabla ya kipindi, na sisi sote tulikuwa tumemwona akipanda ngazi. Mulama akaeleza kwamba akili huhifadhi sura, lakini mara nyingi husahau iliiona wapi. Ukiogopa, ukaulizwa ni nani, akili inakupa sura yoyote inayoijua, na moyo unaipokea kama ukweli. Wenzangu walicheka. Mimi nilishika kitabu changu nikatoka, nikatembea mpaka nikapotea njia ndani ya chuo nilichokaa miaka mitatu.

Unajua nilikumbuka nini. Siku ya tatu baada ya kumzika Baba, siku ya kunyolewa. Tulipangwa nyuma ya nyumba, wewe ukiwa ndani na wajane wenzako. Mzee aliyepaswa kutunyoa mikono ilimtetemeka, alikuwa ameshakata masikio mawili, na Oduori alikuwa analia zaidi kwa kuogopa wembe kuliko kwa msiba. Ndipo yule rafiki ya Baba kutoka Malaba, ambaye walikuwa wakishughulikia pamoja karatasi za malori ya mpakani, akauomba wembe. Ochom. Alinishika kidevu akaniinua uso, na kwa muda wote wa kunyolewa sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Aliniambia pole, mwanangu. Uso wake niliujua mpaka vinyweleo.

Wiki tatu baadaye polisi walimshika kwa sababu alikuwa amempigia Baba simu mara nne mchana wa siku aliyouawa, na mimi nikapelekwa kwenye gwaride la utambulisho. Wanaume tisa. Niliambiwa nikimwona nimguse bega. Nilipofika mbele ya Ochom moyo ulinidunda, nikamgusa. Baadaye mahakamani wewe ulilia ukisema huyu ndiye aliyewanyoa watoto wangu, na kijiji kizima kikakasirika zaidi. Walisema ndiyo maana mtu asiye wa ukoo wetu alikimbilia wembe, alitaka kunawa damu kwa nywele za mayatima. Hakuna aliyefikiri kwamba kile kile tulichomhukumia ndicho kilichonifanya nimjue.

Tangu siku ile ya Mulama nimeenda Malaba mara tatu. Nilijiambia ni kazi za ofisi, uongo mtupu. Mkewe anaitwa Alinga, anauza chai na chapati kwa madereva wanaosubiri kuvuka. Mara ya kwanza nilipita tu. Mara ya pili nilipita nikarudi, nikapita tena, mpaka dereva mmoja akaniuliza nimepoteza nini. Mara ya tatu nilikaa nikaagiza chai. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamdanganya kwamba ni Bumala. Akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mume wake yuko ndani kwa kumuua rafiki yake, na kwamba kila asubuhi akiwasha jiko hulitaja jina la mtoto aliyemfungisha, na halitaji kwa mema. Kisha akalitaja. Alilitamka sawasawa, Vivianne, na la ukoo. Chai ilinikwama kooni, yeye akanipigapiga mgongoni mpaka ikapita.

Sasa nifike mahali ninapopazunguka tangu mwanzo wa barua.

Ningeweza kukuambia kwamba nilikosea tu, kama wale wanafunzi na fundi wa projekta, na wewe ungesema mtoto ni mtoto. Siyo hivyo. Mama, mimi jioni ile sikuona uso wa mtu. Yule aliyetusimamisha alikuwa na helmeti, ameshusha kioo. Baba aliniambia niruke kutoka kwenye pikipiki yetu nikimbie, nikakimbilia kwenye mihogo ya watu, nikalala kifudifudi nimeziba masikio. Nilichoona ni gambuti jeusi la mpira, basi. Hivyo ndivyo nilivyomwambia polisi wa kwanza. Lakini nyumbani kila aliyekuja kutoa pole aliniuliza kama nilimwona, na asubuhi ya pili ukaja wewe. Ulikuwa hujalia bado. Ulinishika mikono miwili ukaniuliza nilimwona au sikumwona, na macho yako, Mama, sijawahi kuyaona vile tena. Nikasema nilimwona. Nilisema ili uache kunitazama vile.

Uongo ule ndio ulionipeleka kwenye gwaride. Nilishasema nimemwona, basi ilibidi awepo. Sikulaumu. Ulikuwa umefiwa. Lakini nami siwezi kuubeba peke yangu nikijifanya mtaalamu wa makosa ya wengine.

Alhamisi nilienda kwa wakili anayesaidia wafungwa, nikaapa na kutia sahihi. Ombi la kesi kusikizwa upya litapelekwa kortini. Wakili anadhani sitashtakiwa kwa kuwa nilikuwa mtoto, ila hakuniahidi. Chuo nacho sijui kitasemaje. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa, na mimi ningekutii, na Ochom angezeekea kule. Najua ulikuwa umepata usingizi, na mimi nimekunyang'anya. Nisamehe kwa hilo. Kwa sahihi siombi msamaha.

Watu watakuja kukuambia mwanao amemtoa muuaji. Waache waseme. Mimi linaloninyima utulivu si maneno yao. Nilipomgusa Ochom bega, faili ilifungwa, polisi wakaenda nyumbani, nasi pia. Miaka tisa hakuna mtu hata mmoja aliyemtafuta aliyemuua Baba. Anatembea, labda ameoa, labda ana watoto. Na aliyemficha muda wote huu ni mimi.

Mwambie Oduori akiona selotepu imechanika asiulize mpaka utakapotaka kumweleza. Wape pole walio na homa hapo jirani. Jumamosi nitakuja nyumbani Sigalame. Ukiwa umefunga mlango nitajua barua ilifika, nami nitabisha hivyo hivyo.

Ni mimi niliyekudanganya, na bado ni mwanao,
Vivianne