Siku Mama Alipozima Kreni

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshuka kwenye lori salama, umeoga, umekula na watoto wamekuzunguka. Sisi huku tu wazima. Baba anakohoa kidogo, ila ni kile kikohozi chake cha kutaka kuulizwa hali. Msalimie sana wifi, na yule mdogo mwambie shangazi bado anadai wimbo alioahidiwa kwenye simu.

Kaka, tulikwambia mama alichukua likizo. Hiyo ilikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili haikusemeka kwenye simu, maana mama huwa amekaa ubavuni mwangu akinikonyeza.

Unajua alivyoumia kiuno pale alipoteleza kwenye ngazi ya kreni. Daktari alimwandikia vidonge vikali vya maumivu, akampumzisha, kisha akamruhusu kurudi kazini akimeza kimoja tu wakati wa kulala. Alimwonya kwamba akihisi uzito wowote wa kichwa asipande juu. Mama akarudi, na kwa muda mambo yakaenda vizuri.

Yaliyotokea baadaye nilisimuliwa na mfunga mizigo wa pale kwenye ujenzi, yule bwana mwembamba anayefunga minyororo chini. Asubuhi hiyo alikuwa amefunga rundo la nondo na mama amelinyanyua. Lilipofika usawa wa ghorofa ya tatu likasimama. Akadhani mashine imekufa. Kumbe macho ya mama yalikuwa yamefumba, kidogo tu, akazinduka na kuona mzigo uko juu ya vichwa vya watu. Akaushusha polepole mpaka kwenye mchanga, akazima kreni, akateremka ngazi ile ndefu kwa miguu yake.

Msimamizi alimjia juu. Malori ya zege yalikuwa yamepanga foleni, na alimwambia mbele ya wote kwamba wako watu wengi wanaoitaka nafasi yake. Mfunga mizigo anasema mama hakupandisha sauti.

“Mpe unayemtaka,” alimjibu, “ila mpe mtu aliye macho.”

Alifika nyumbani kabla jua halijawa kali. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alipitia kila droo akikusanya dawa zote, zake na za baba, hata ile chupa ya kikohozi, akazitia kwenye mfuko na kutuambia mimi na baba tumsindikize duka la dawa. Nakwambia kaka, mimi ningeona aibu. Yeye alimimina mfuko wote pale kaunta, akamwambia mfamasia amweleze alichokuwa anakimeza, maana alimeza bila kuuliza.

Mfamasia, dada mmoja mpole, alisoma boksi moja moja. Mwisho akaweka mawili kando, akatia kiganja chake katikati. Moja lilikuwa la dawa ya maumivu. La pili lilikuwa la vidonge vya usingizi ambavyo mama hakuandikiwa na daktari yeyote. Alitueleza kwamba kila kimoja kinapunguza kasi ya ubongo, na uzito wake unaweza kuendelea hadi mchana. Vikikutana mwilini, pumzi nayo hupungua, na mtu anaweza kulala asiamke tena. Hapo baba akasema kwamba usiku alikuwa akisikia pumzi ya mama ikikatika na kurudi, akafikiri ni mkoromo wa uchovu.

Mimi nilishika maboksi yote nikayatupe. Mfamasia akanizuia, akasema mwili ukishazoea dawa hizi huziachi ghafla, ni hatari nyingine hiyo. Akampigia daktari, na ndipo mama akapangiwa kupunguza kidogo kidogo.

Haikuwa rahisi. Alitoka jasho, miguu ikakosa utulivu, chakula kikamshinda. Maboksi aliyakabidhi yeye mwenyewe kwa baba, akamwagiza asimpe zaidi ya alichopangiwa hata akitukanwa. Na alimtukana kweli, kistaarabu, akimwita mlinzi asiye na mshahara. Baba akawa anaitikia tu, “Naam, bosi.” Sijawahi kuwapenda wazee wetu kama siku zile.

Sasa amerudi juu kwa idhini ya daktari. Msimamizi hakuomba radhi kwa mdomo, lakini siku hizi kila asubuhi anawauliza vijana wake nani amemeza dawa ya kuleta usingizi, na anayejitaja hupewa kazi ya chini bila kuchekwa.

Kaka, sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Vile vidonge vya usingizi ni vile ulivyomtumia wewe, ulipoona vimekufaa. Mama alitukataza kukwambia. Alisema ulituma kwa upendo na hataki ubebe mzigo huo barabarani. Lakini ulipopiga simu juzi, ukasema nawe umepewa dawa ya mgongo na unazimeza zote mbili ili upate kulala kati ya safari, mama aliacha simu mkononi mwangu akaenda jikoni. Nilimkuta amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka bure.

“Mwandikie,” aliniambia. “Kwenye simu ataitikia tu, kisha atameza. Heri anikasirikie kuliko nimzike.”

Basi nakuomba, kabla hujawasha lori tena, kusanya kila unachomeza umpelekee mfamasia au daktari. Usiache ghafla, na usione haya. Mama yako hakuona haya mbele ya watu wote wa pale kwenye ujenzi, na wewe ni mwanawe. Ukishatoka huko mpigie yeye, usinipigie mimi.

Baba anakusalimu. Mama hajui nimemsifu hivi kwenye barua, atakataa akiambiwa. Wabusu watoto wote.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, uliyenibandika jina la Kasuku kwa kutoweza kufunga mdomo.