Sijanuna, Ni Meno

Uji wa mtoto uko kwenye chupa ya chai. Upoe kwanza ndipo mumpe. Nguo zianuliwe, mawingu yale hayanidanganyi.

Nimekwenda kwa fundi wa meno. Meno yangu ya bandia nimeyafunga kwenye leso, wanaotaka kumcheka kibogoyo njiani na wacheke.

Sasa wewe, mwanangu. Asubuhi umenisimamia jikoni, mbele ya mkeo, unaniuliza kwa nini siku ya tatu leo namnunia. Mimi! Ningekujibu vipi? Shavu kwa ndani lina lengelenge la damu kubwa kama harage, ufizi umevilia damu hadi umekuwa mweusi. Nimekaza midomo lisipasuke, wewe ukamwambia, "Si unaona?" Ukaenda zako kazini.

~~Muulize mkeo alichonifanyia.~~

Hapana, usimuulize. Nasema mwenyewe.

Mkwe wangu, Jumapili uliniletea meno yangu, ukaniambia umeyachemsha pamoja na chupa za mtoto ili yatakate. Ulikuwa unacheka kama umeniletea zawadi. Nikayavaa papo hapo. Kumbe yamepinda kwa moto, yakanibana kama koleo. Ningeyavua, ungejua umeyaharibu. Basi nikakaa nayo, mdomo nimeufumba, siku tatu.

Siku nyingine maji ya baridi tu. Meno si chupa.

Chumvi nimeimaliza kwa kusukutua, mnunue nyingine.

Mkwe wangu, sijawahi kukununia hata siku moja. Mwanangu, wewe ndiye ninayekununia. Kuanzia leo.

Mama