Nilisema Simjui

Jumatano, Jiddah. Joto lenye unyevu. Shati limenigandia mgongoni tangu asubuhi.

Mimi ni karani wa matangazo katika gazeti ambalo sitalitaja. Ni mali ya familia moja. Babu alilianzisha, picha yake iko ukutani. Fedha na matangazo yako mikononi mwa mwanawe, ami yake mhariri. Mjukuu, Ustadh Nabil, ndiye mhariri, na ofisini wananong'ona kwamba alirithi kiti bila sauti. Nami nimewahi kulicheka hilo.

Jana lilikuja tangazo kutoka nyumba moja ya Aziziya, marafiki wa ami. Mfanyakazi ametoroka, atakayemhifadhi ataadhibiwa. Juu yake picha ya pasipoti.

Dada Mejumaa, mwenzangu wa kutoka Kwale.

Hakutoroka. Aliugua akashindwa kuinuka, na bosi wake akamtoa nje ya geti na mfuko wa nguo. Mimi ndiye niliyemfuata kwa teksi, nikampeleka Sharafiya kwa mama mmoja wa kwetu Kwale. Yuko huko hadi sasa. Tangazo likishatoka, akikutwa njiani anashikwa kama mtoro.

Ustadh Nabil hupitia kila ukurasa na kuutia sahihi kwa mkono wake, kama babu yake alivyofanya. Alipofika kwenye picha ile aliniita, akafunga mlango.

"Huyu ni wa kwenu. Unamjua?"

"La, ustadh."

"Sidhani ametoroka, ila ami hanisikilizi mimi. Lakini nikimpelekea mtu aliyeona kilichotokea, hatathubutu kulichapa. Mmoja tu. Fikiri vizuri."

Nikafikiri. Nikafikiria ikama yangu, kibali cha kuishi huku, na kwamba kafili anayenidhamini ni ami huyohuyo. Nikafikiria lile neno, atakayemhifadhi.

"Simjui, ustadh."

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa, kisha akatia sahihi. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa akitafuta mtu wa kusimama naye.

Mimi sikurithi hata kiti, na sauti sina vilevile.

Leo mchana Dada Mejumaa amenipigia, anacheka huku anakohoa.

"Mdogo wangu, nimetoka gazetini! Lakini picha gani hiyo waliyoweka? Nimenuna kama nimenyimwa wali."

Nililigeuza gazeti mezani, picha ikaangalia chini.

"Si ndiko kazini kwako huko? Basi waambie sikutoroka. Wewe ulikuja kunichukua, watakusikia."

Nikamwambia nitajaribu. Nitajaribu! Kama kwamba sijaulizwa. Akanishukuru, akaniombea dua, na mimi nikazipokea dua zenyewe.

Gazeti linaweza kuchapa masahihisho, nimeyapanga mwenyewe mara nyingi, hata ya herufi moja iliyokosewa katika jina la duka. Ustadh hufika mapema kuliko wote, akanywa kahawa peke yake chini ya picha ya babu yake. Kesho nitagonga mlango kabla hajaimaliza.

Naogopa. Nimekuwa nikilirudia kwa Kiarabu tangu alasiri, chini chini, nisije nikafika pale nikakana tena.

Namjua, ustadh. Nilikuwapo.