Siku Tano za Kumtafuta Lanfen

Himbi, Goma
Tarehe 7 Aprili 2025

Mpendwa Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Akonkwa na watoto. Huko Lubumbashi mko wazima? Mguu wako ulioteguka umepona? Sisi bado tunapumua. Mama ametuma habari kutoka Bukavu kwamba yuko hai na nyumba imesimama. Barua hii anakuletea jirani yetu, Papa Fortunat, maana nimejaribu kukusimulia haya kwa simu mara mbili na sauti ikanikatika.

Shule yetu haijafunguliwa. Mume wangu Luc anakwenda kazini, anakaa bila kazi, anarudi.

Unamkumbuka yule Mchina niliyekuambia namfundisha Kiingereza, Bwana Tao, muuza betri na paneli za sola pale Birere? Alikuwa akija kwangu mara tatu kwa juma pamoja na mke wake, Lanfen. Sarufi haikuwasumbua. Kilichowatesa ni ile misemo ya kila siku. Mwingereza akisema yuko chini ya hali ya hewa, anaumwa kidogo. Akisema kazi ni kipande cha keki, ni nyepesi. Bwana Tao aliandika yote kwenye kurasa za kaye yake kwa Kichina, amekunja uso, na Lanfen akimcheka mpaka anafuta machozi.

Mwezi wa Desemba Tao aliniuliza Waingereza wanasemaje mtu akifa. Lanfen alikuwa kando yake, anamenya chungwa. Niliona vibaya kuleta kifo mezani. Nikamjibu, "Hayo tutayasoma siku nyingine." Tukaendelea na misemo ya biashara.

Mwisho wa Januari vita vikaingia mjini. Bomu likaanguka nyuma ya duka lao, kipande kikamchoma Lanfen tumboni. Tao akampeleka hospitali kwa pikipiki. Ua ulikuwa umejaa majeruhi, akaambiwa angoje nje ya geti. Asubuhi daktari mmoja mgeni, ambaye macho yake yalionyesha hajalala, akatoka akampa pole, kisha akamwambia kwa Kiingereza mambo mawili. Neno kwa neno ni hivi: hakukifanya, tumempoteza. Akamshika bega, akarudi ndani mbio.

Kwa Mwingereza maneno hayo yote yana maana moja: amekufa. Tao aliyaelewa kama yalivyo kwenye kamusi. Kuna kitu Lanfen alishindwa kukifanya, na hospitali imempoteza katikati ya umati ule.

Basi akaanza kumtafuta. Siku tano, Yaya. Alizunguka vituo vya afya, akapanda kwa miguu mpaka Munigi, akashuka upande wa Lac Vert, akiwaonyesha watu picha yake kwenye simu. Siku ya sita akabisha hodi kwetu, viatu vimepasuka.

"Mwalimu, hospitali imempoteza mke wangu," aliniambia. "Twende ukaongee nao Kifaransa."

Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba kuna jambo naweza kusaidia. Nikamuuliza, "Daktari alisema maneno gani hasa?"

Akayarudia, kwa matamshi safi niliyomfundisha mimi mwenyewe. Nikamkalisha kitini, nikatumia neno ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua: amekufa.

"Una hakika, Mwalimu?"

Tulikwenda naye, mimi na Luc. Karani wa hospitali, mama mmoja mpole anayeitwa Kasoki, akapitisha kidole kwenye rejista.

"Huyu alikufa usiku ule ule," akasema. "Tulingoja siku tatu. Hakuna mutu alikuja kumuuliza, ndiyo bakamuzika pamoja na bengine."

Makaburini tulikuta safu ndefu za udongo mpya na vijiti visivyo na majina. Wa kutuonyesha hakuwapo. Tao alitembea kati ya safu hizo hadi mwisho, akarudi, akatembea tena. Hakulia. Sisi ndio tuliolia. Njiani akasema tu, "Siku tatu alikuwa akiningoja, nami nilikuwa Munigi."

Luc ananiambia, "Olive, haiko kosa yako." Padri naye amesema vivyo hivyo. Lakini wewe umefundisha miaka ishirini, Yaya. Mtu aliniuliza swali, nami jibu nilikuwa nalo. Wanafunzi wameanza kurudi mlangoni kwangu, nawaambia naumwa. Nikifungua kitabu, siwezi kusoma hata mstari mmoja. Hata kusali nasali kwa mdomo tu.

Tao amevuka mpaka kwenda Gisenyi, na kutoka huko amerudi kwao. Aliniomba niwe nikimsalimia Lanfen kwa niaba yake. Kila Jumapili baada ya misa nakwenda. Kwa kuwa sijui kaburi ni lipi, kila mara napita safu nyingine, kaburi kwa kaburi, ili siku moja niwe nimesimama mbele yake. Jana nilimaliza safu ya tisa. Zimebaki nyingi, na mvua inazisawazisha.

Nisalimie shemeji Akonkwa, mbusu mtoto wetu Mimi, na umwambie shangazi Béata kwamba sijamsahau. Mungu awafunike nyote, mlale salama na muamke wote. Ukimpata mtu anayekuja huku, niandikie. Hata kama huna la kuniambia, niandikie.

Mdogo wako akupendaye daima,
Olive