Sindano Sitini, Nyimbo za Sitini na Nane

Jumapili, 25 Mei 1986

Sindano kumi na mbili zimeisha. Zimebaki arobaini na nane. Leo hakuna, Sista Nzilani anapumzika Jumapili — matako yangu yanamshukuru!

Kanisani nilikaa nyuma karibu na dirisha kwa sababu ya kikohozi. Saa nane tukakutana barazani kwangu kama kawaida. Muktar wa duka la jirani na birika lake la chai. Mwalimu Syokau kutoka shule ya msingi. Kiilu wa bucha, bado ananuka damu ya mbuzi. Mimi nikatoa redio kubwa ya mbao, ile ya spika mbili. Saa moja nzima ya nyimbo za 1967 mpaka 1969. Mtangazaji haongei sana, anaweka santuri tu. Ndiyo maana tunampenda.

Leo alianza na Tiva Twisters. Kiilu akaruka: huyo wa gita la solo alikuwa anakula hotelini Nairobi mwaka wa 68, yeye Kiilu mwenyewe ndiye alimpelekea supu! Syokau akasema hakuna mwanamuziki wa Kenya hii ambaye Kiilu hajampelekea supu. Tulicheka mpaka nikashikwa na kukohoa, wakaniangalia wote.

Halafu ubishi. Magita ni mawili ama matatu? Syokau: mawili. Kiilu: mawili. Muktar: fundi aamue. Mimi ndiye huamua. Miaka kumi na tisa natengeneza redio hapa Zombe, sikio ndilo chombo changu cha kwanza, bisibisi inafuata. Nikasema matatu, la tatu limejificha nyuma ya besi. Wakainamia spika. Kweli! Kiilu akasema hii TB haijagusa kichwa cha Ndululu.

Daktari aliniambia nikifika wiki mbili za dawa si rahisi kuambukiza mtu. Hata hivyo Muktar ananiwekea kikombe changu peke yangu. Nami nakinywea hicho hicho.

Jumamosi, 7 Juni

Sindano 24. Mpira wa Mexico umeniletea kazi — redio kumi na moja mezani, kila mtu anataka yake kesho. Jumapili iliyopita tulikosa kipindi, ilikuwa Sikukuu ya Madaraka, hotuba mpaka jioni.

Tangu Jumatano kuna kengele masikioni. Nyembamba, haikatiki. Labda ni njaa. Vidonge nakunywa asubuhi bila kitu tumboni.

Jumapili, 8 Juni

Redio yangu inakufa. Vile visahani vya drams — tss, tss — vimepotea kabisa. Asubuhi niliifungua, nikasafisha, nikaiwekea spika mpya kutoka kwa redio ya marehemu mjomba. Wapi! Nikawaambia wenzangu mawimbi ni mabaya leo. Syokau akasema kwake yanasikika vizuri tu. Nikasogeza antena.

Katikati ya kipindi ukaja ule wimbo wa Waingereza wenye kinanda cha kanisa. Muktar akatusimulia. Mwaka wa 67 alikuwa kijana, wamefungiwa na askari ndani ya kijiji cha seng'enge kwa sababu ya vita vya shifta kule kaskazini. Redio ilikuwa moja, ya baba yake, Mzee Sugow. Kizungu hakujua hata neno. Alifikiri nyimbo zote ni za ngamia waliopotea! Tukacheka. Halafu akashusha sauti, akamalizia hadithi akiangalia chini kwenye birika.

Sikusikia mwisho.

Niliona Kiilu akivua kofia. Niliona Syokau akipangusa macho na leso. Na mimi nikatoa kitambaa, nikapangusa yangu. Nilipangusa kama mtu aliyesikia. Muktar akanishika bega akasema kitu, nikaitikia kwa kichwa. Sasa nitamuuliza vipi?

Alhamisi, 12 Juni

Pasta Mutiso amerudisha redio niliyomtengenezea juzi. Alikuwa mpole, kama kawaida. Ati inapiga mluzi, watoto wanaziba masikio. Nikaiwasha mbele yake. Nikamwambia, "Pasta, hakuna mluzi hapa."

Akaniangalia. Akamwita mama aliyekuwa akipita na maji, akamuuliza. Mama akakunja uso, akaonyesha kidole kwenye redio.

Nikasema nitaitazama tena. Pasta alipoondoka niliweka sikio juu ya spika mpaka shavu likapata moto. Mtu anasoma habari, namsikia kama yuko ndani ya gunia. Mluzi — hakuna.

Si redio.

Nilikaa chini nyuma ya meza. Redio kumi na moja, na hakuna hata moja iliyoharibika kuliko mimi.

Jumapili, 15 Juni

Kalunde ndiye alianzisha wimbo leo kanisani. Peke yake, beti ya kwanza. Nilisogea mpaka benchi la tatu. Mdomo wake ulikuwa wazi, shingo imetoa mshipa ule ninaoujua. Wanaume wa besi walipoingia niliwasikia kama lori linalopanda mlima. Mke wangu sikumsikia.

Akaniuliza nyumbani kama aliimba vizuri. Nikasema sana.

Kwenye kipindi nilikaa nao, nikasema kichwa kinauma. Hakuna aliyeniambia niamue.

Jumatano, 18 Juni

Sasa hata ardhi haitulii. Natembea kama nimekanyaga godoro. Jana nilijigonga kwenye nguzo ya bucha, watu wakaona. Leo mzee wa kanisa amekuja kumuuliza Kalunde kama nimerudia pombe. Mimi ambaye sijaonja tangu Mutindi wetu azaliwe, na sasa yuko kidato cha pili! Kalunde karibu amfukuze kwa ufagio. Halafu akaja akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga, akaniuliza kitu mara tatu. Mara ya tatu nikaelewa.

"Wewe unanisikia?"

Nikasema ukweli.

Ijumaa, 20 Juni

Kalunde alinipeleka kwa daktari kabla ya sindano ya 35. Daktari ni kijana, mtu mzuri. Alisimama nyuma yangu. Sijui alifanya nini huko nyuma. Alipokuja mbele uso wake ulikuwa umebadilika.

Alichukua karatasi akaandika, ili nisiseme sikuelewa. Karatasi ninayo hapa. Sindano ndiyo inaua masikio. Si kila mtu, lakini kwangu imeshaanza. Kinachokufa hakirudi. Zimebaki 26. Nikimaliza, huenda nisisikie tena kitu. Nikiacha, makohozi ya wiki iliyopita bado yana wadudu, na vidonge peke yake havina nguvu ya kutosha. Dawa nyingine iko, lakini si hapa. Ameandika barua Machakos kuuliza. Labda wiki mbili, labda miezi miwili, hawezi kuahidi. Amesimamisha sindano kwa siku kumi. Jumatatu tarehe 30 niende na jibu.

Chini kabisa aliandika: Pole sana, mzee.

Nina miaka arobaini na tatu.

Jumamosi, 21 Juni

Usiku Kalunde hakulala, na mimi pia sikulala. Asubuhi tulibishana jikoni. Nasema tulibishana — yeye anapiga kelele ndiyo nisikie, majirani wote wanajua mambo yetu sasa.

Nikamwambia fundi wa redio asiyesikia ni nini? Tutakula nini? Karo ya Mutindi itatoka wapi?

Akaja mpaka mdomo ukagusa sikio langu. "Baba Mutindi, afadhali nikupigie kelele maisha yangu yote kuliko kuja kuongea na udongo."

Halafu akaenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa bado umejaa.

Nimerudisha redio sita bila kutengeneza. Nimewaambia wenyewe vipuri vimekosekana Nairobi.

Jumanne, 24 Juni

Nilijaribu kitu. Nilikaa dukani, nikazima redio zote, nikafunga macho. Nikawa tena ukumbini Machakos, Krismasi ya 68, mimi na viatu vya kuazima. Gita la kwanza. La pili. Besi. Visahani — tss, tss. Zote ziko! Zote ziko kichwani, hakuna hata moja imepotea.

Nilifurahi dakika moja. Halafu nikawaza: nyimbo mpya je? Sauti ya mkwe wangu siku atakapokuja? Ya mjukuu?

Jumapili, 29 Juni

Niandike yote kabla sijajidanganya.

Leo watu wanaongea fainali tu, sokoni kote. Lakini sisi wanne tulikutana saa nane. Mtangazaji alikuwa ameahidi mwaka wa 68 peke yake, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Syokau alileta mandazi. Mimi nilijiambia hii saa moja nitaifaidi vizuri, potelea mbali mengine.

Niliweka mkono juu ya mbao ya redio. Nimegundua hivyo nasikia zaidi — besi inapita kwenye vidole. Wimbo wa kwanza nikaujua. Wa pili pia. Wa tatu nikakisia kwa mdomo wa Kiilu, maana yeye huimba kila kitu. Nikawa sawa. Nikacheka walipocheka. Kisha wakaweka ule wa Tiva Twisters wa msichana wa stesheni ya Kibwezi, ninaoujua kila pumzi. Nikafunga macho. Mguu ukaanza wenyewe. Solo ikaja, nikaifuata na kidole hewani, juu, juu, ikashuka, kiitikio, tena solo. Ilikuwa tamu! Wiki tatu sijasikia kitu kitamu hivyo.

Nikafungua macho.

Wote walikuwa wananiangalia. Syokau ameshika andazi katikati ya njia. Mguu wangu bado unapiga. Nikaangalia redio. Ile taa yake nyekundu imezimika. Betri zilikuwa zimekufa — sijui tangu lini. Wao walikuwa wananingoja mimi, fundi, niseme betri zimekwisha.

Nikausimamisha mguu kwa mkono.

Kiilu akasema kitu. Sikupata, na hakuna aliyerudia. Syokau akafungua mkoba, akatoa kalamu yake nyekundu ya kusahihishia watoto, akaandika nyuma ya bahasha: Tangu lini?

Nikawaambia. Naona nilipaza sauti sana, kwa sababu watu wa upande wa pili wa barabara waligeuka. Nikawaambia sindano, daktari, Machakos, kesho.

Kiilu akasimama akaanza kutembea. Alikuwa anataka niache. Nilijua kwa mikono yake — anakata, anakata, kama yuko buchani. Syokau anamjibu kwa hasira. Dada yake Syokau alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 71, hiyo najua. Walibishana juu yangu kama vile walivyokuwa wanabishana juu ya magita. Tofauti ni kwamba leo hakuna aliyenigeukia akaniambia niamue. Na leo uamuzi ni wangu.

Muktar hakubishana. Aliingia dukani kwake, akarudi na betri mpya nne, akafungua mgongo wa redio mwenyewe, akazipanga. Kisha akachukua ile kalamu. Mwandiko wake ni wa mtu aliyesoma ukubwani. Aliandika kwamba lori la ng'ombe linaenda Nairobi Jumanne. Binamu yake anajua duka la dawa Eastleigh. Nimpe jina la hiyo dawa. Hajui kama itapatikana.

Nikachukua kalamu kutoka mkononi mwake. Niliandika, nikaona haya hata nikiandika: Muktar, siku ile sikusikia mwisho wa hadithi.

Akasoma. Halafu akavuta kiti mbele yangu, magoti kwa magoti, akaanza tena kutoka mwanzo, polepole, akifungua mdomo sana kwa kila neno. Seng'enge. Redio. Baba yake. Asubuhi moja askari walikuja kuichukua ile redio, mzee akakataa kuiachilia. Ule wimbo wa kinanda ulikuwa bado unaendelea walipompiga mpaka akafa. Muktar hakujua ulikuwa unasema nini wimbo huo, mpaka leo hajauliza mtu.

Aliniambia yote hayo mara ya pili kwa ajili yangu. Nyuma yake redio ilikuwa imewaka, taa nyekundu, kipindi kinaendelea, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anasikiliza.

Jumatatu, 30 Juni

Naandika hapa hapa kwenye benchi la kituo cha afya. Watu tisa mbele yangu. Kalunde alitaka kuja, nikakataa. Alinifungia chapati kwenye gazeti, akasimama mlangoni mpaka nikapita kona.

Machakos hawajajibu. Daktari aliinua mabega nilipomwona pale mlangoni, akaniashiria ningoje.

Jina la dawa aliloomba Muktar ninalo mfukoni, kwenye karatasi ya daktari, bado sijampa. Jumanne ni kesho. Nikingoja lori, na lori lirudi mikono mitupu, je? Wiki mbili bila sindano, wadudu wanafanya nini huko ndani? Usiku wa kuamkia leo nilikohoa tena. Kidogo. Kalunde aligeukia ukuta, akajifanya amelala.

Nikidungwa leo, labda hiyo moja ndiyo itachukua sauti ya watu wa besi.

Watu sita.

Mtoto analia mbele yangu, mdomo wazi, machozi. Mama yake anambembeleza. Kwangu ni kama picha ukutani.

Watatu. Walio mbele wanaingia na kutoka upesi leo.

Sista Nzilani amefungua mlango, ana faili. Anaita. Naangalia midomo. Inajikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, kama ya mtu anayepuliza chai. Ndu-lu-lu. Si zamu yangu bado, au wamenipitisha mbele. Mama mwenye mtoto amenigusa kiwiko. Benchi zima limegeuka.

Anaita tena. Nyuma yake naona meza, na trei, na pamba.

Bado sijasimama. Lakini naona mkono wangu wa kushoto, sikuutuma mimi, umeshalegeza mshipi wa suruali.