Kiondo Chako Bado Kiko Juu

Mpendwa Mama mkwe,

Leo nimechuma chai, nimefua nepi, na mgongo unaniuma. Sasa nimeketi jikoni chini ya kiondo chako, nakukumbuka.

Unaikumbuka ile asubuhi? Ulikuwa umenunua mafuta ya taa kwa chupa ya soda, vile tunavyofanya sote hapa, ukaiweka kando ya mafiga. Kendi wangu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuongea, na chupa hiyo aliijua kuwa ya soda ya Krismasi. Nilisikia akikohoa. Nikamnusa mdomo, nikajua.

Ukaja mbio na kikombe cha maziwa. "Mpe haraka, halafu umtie kidole atapike!"

"Hapana, Mama."

"Mimi nimelea watoto kabla hujazaliwa, wewe unaniambia hapana?"

"Kliniki walitwambia asitapishwe. Hapana."

Sikuwa nimewahi kukujibu hivyo. Nilimfunga Kendi kifuani kwa leso, tukapanda boda hadi hospitali ya Nkubu, wewe nyuma yangu na gambuti zako za shamba. Muuguzi akatueleza kwamba mtoto akitapishwa mafuta ya taa, yanaweza kuingia kwenye mapafu.

"Na maziwa je?" ukauliza.

"Hata maziwa usimpe, shosho. Mlete tu mbio."

Ukanigeukia. "Kumbe hicho kichwa chako kigumu kina kazi!" Nikacheka huku nikilia.

Kendi alipona, akatoka wodini akidai mandazi. Tulipofika nyumbani ulimwaga maharagwe ya njahi kutoka kwenye kiondo, ukatia mafuta ya taa, dawa ya kupe na ya kutoa madoa, ukakifunga kwenye boriti. Wenzako wa kanisani wakakucheka: "Siku hizi unafuga kuku hewani?"

"Kwanza nendeni mkaangalie chini ya vitanda vyenu," ukawajibu. Na walienda.

Mwenda, mdogo wake Kendi, hukumwona, alizaliwa baada ya sisi kukuzika. Ana miguu ya mbuzi huyo, hupanda popote. Jana nilimkuta amesimama juu ya kiti, mkono juu, kiondo karibu akiguse. Nikamshusha, nikapanda mimi. Fundo lako lilikuwa limekaza, ikabidi nitumie meno. Kendi akasema, "Mama, si ukate tu kamba?"

Sikukata. Nimekifunga juu zaidi, kwa kamba yako ile ile.

Pumzika, Mama. Huku watoto wanapumua vizuri.

Ni mimi, mke wa mwanao, yule wa kichwa kigumu,
Mama Kendi