Rimoti ya Wifi Thuraya

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka Sib, huku Omani, na komeo la mlango usilisahau. Huku nje jua linachoma, lakini ndani kwa mjomba wako tulikuwa tunatetemeka kama kuku waliotota. Rimoti ya kiyoyozi alikuwa kaishika wifi yangu Thuraya peke yake, akiificha kifuani. Juzi tunakula, televisheni ikaonesha nchi moja ya Waarabu, watu wamejaa barabarani wanataka mkubwa wao ashuke. Mabinti wa Thuraya wakatazamana. Wakachukua mablanketi, wakakaa chini mbele yake.

"Mama, wananchi tumechoka."

Mjomba wako, na soksi zake miguuni, akasema, "Mimi simo," kisha akaja akakaa nyuma yao. Mimi naona leo ntarudishwa Unguja na sanduku langu. Thuraya akacheka mpaka akapaliwa, akaitoa rimoti.

"Haya, mnampa nani?"

Wakanipa mimi, mgeni, sina upande. Nkakizima kiyoyozi pale pale. Sasa jasho linawatoka, wananung'unika, lakini rimoti hawaipati, mwanangu, nnalala nayo chini ya mto.

Kula ushibe. Wakinipindua kabla ya siku yangu ya kurudi, njoo unipokee uwanja wa ndege.

Mamako akupendaye